Tope Lisilochomeka

Nakuru ni mji uliojifunza kuishi na tope lake. Kinachofyonzwa vyooni huanikwa juani kwenye mitambo ya majitaka mpaka kikauke, huingizwa tanurini kikageuka makaa, kisha husagwa pamoja na makaa ya vumbi la mbao, hushikanishwa kwa molasi na kufinyangwa vitonge vya kupikia. NAWASSCOAL, kampuni tanzu ya kampuni ya maji ya Nakuru, huviuza kwa jina la Makaa Dotcom. Kazi kubwa hapo hufanywa na moto: huua vijidudu, hufukuza harufu, na kilichokuwa balaa huingia jikoni.

Lipo tope jingine ambalo moto hauliwezi. Maji yanayozunguka ndani ya kinu cha nyuklia, na yale ya mabwawa ya kupozea fueli iliyotumika, husafishwa kila mara. Kinachonaswa na vichujio na kinachotuama chini ya mabwawa ni tope lenye sesiamu, kobalti na stronshiamu. Ukilichoma, mionzi hubaki ile ile, sasa imo jivuni. Huisha kwa muda wake yenyewe. Iodini-131, ambayo hospitali hutumia kutibu tezi ya shingo, hupungukiwa na nusu ya nguvu kila siku nane. Sesiamu-137 huchukua miaka 30 kupungua hivyo, na ili ibaki takriban sehemu moja kwa elfu inahitaji miaka 300. Nakuru ilipata hadhi ya mji mwaka 1904 na ya jiji mwezi Desemba 2021. Tunazungumzia mzigo unaopaswa kulindwa kwa zaidi ya mara mbili ya umri wa Nakuru.

Kwa hiyo kinachofanyika ni kulifunga tope hilo, na kulifunga si kulitia pipani na kupiga kifuniko. Kwanza hukamuliwa maji, maana maji yakibaki huru ndani ya pipa hula chuma kutoka ndani. Kemikali zake hupimwa. Asidi ya boriki, inayotumika katika vinu vingi kudhibiti nguvu ya kinu, huchelewesha saruji kukaza, basi huongezwa chokaa. Sesiamu nayo ni mtoro, huyeyuka majini na kupenya saruji, hivyo hutiliwa zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana vinavyoinasa. (Madini ya jamii hiyo huzaliwa majivu ya volkano yanapolowa katika maji ya magadi, na tabaka zake zipo humu humu Bonde la Ufa, pande za Ziwa Magadi.) Mchanganyiko huo hukorogwa ndani ya pipa la chuma, aghalabu la lita 200, kwa mwiko wa chuma ambao mara nyingine huachwa humo ugande pamoja na saruji, kwa kuwa kuutoa na kuuosha ni kuzalisha taka mpya.

Fundi yeyote wa ujenzi angelijua jaribio linalofuata: sampuli huachwa siku 28, kisha hubanwa mpaka ivunjike ili uimara wake ujulikane. Jaribio la pili lingemshangaza. Kipande kingine huzamishwa majini kwa wiki nyingi, na maji hayo hupimwa kuona ni mionzi kiasi gani imetoroka.

Gharama ya kuahirisha kazi hii inaonekana Sellafield, Uingereza. Bwawa lililojengwa huko miaka ya 1950 kwa ajili ya fueli ya vinu vya Magnox lilikusanya takriban mita za ujazo 1,500 za tope. Kulihamishia kwenye matangi mapya kulianza mwaka 2015, na waliolisimamia bwawa likiwa jipya walikuwa wamekwisha kustaafu au kufariki. Magnesiamu ya maganda ya fueli hiyo, iliyomo topeni, ikikutana na maji hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo vyombo vya kulihifadhia lazima viwe na njia ya kupumulia.

Kenya haina tope hilo bado. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019 na mamlaka iliyoundwa nayo, KNRA, pamoja na kituo cha Oloolua, Ngong, kinachopokea vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi hospitalini na viwandani. Ni mwanzo mzuri, lakini ni kituo cha kuhifadhi vitu vichache. Taka za mtambo wa umeme wa nyuklia ni mzigo wa kiwango kingine kabisa.

Tusidanganyane kwamba mahali pa kuuzika patapatikana tu. Afrika Kusini huzika mapipa ya kituo cha nyuklia cha Koeberg huko Vaalputs, nyika kame ya Northern Cape ambako mvua ni haba na ardhi imetulia. Bonde letu la Ufa halijatulia. Tetemeko la Subukia la Januari 1928 lilikaribia kipimo cha 7. Volkano ya Menengai bado ina joto la kutosha kuchimbiwa visima vya mvuke. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka: kinachoingia humo hakipati njia ya kwenda baharini, na tangu mwaka 2010 hivi maji yake yamepanda hadi kumeza lango na ofisi za hifadhi. Anayeijua ardhi hii hawezi kupendekeza pipa la miaka 300 lizikwe hapa.

Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliukataa mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa kwao mwaka 2024, na mazungumzo yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Nimesikia mengi kuhusu megawati na ajira. Ningependa kuona watu wa Siaya wakionyeshwa, kabla ya sahihi yoyote kutiwa, ramani ya mahali tope litakapozikwa, matokeo ya vipimo vya udongo na maji ya chini ya ardhi ya mahali hapo, na mfuko wa fedha uliotengwa kisheria ambao serikali zijazo hazitaweza kuugusa kwa shughuli nyingine. Wakala wa nyuklia, NuPEA, una wataalamu wa kuandaa nyaraka hizo, na zinapaswa kuandikwa kwa Kijaluo na Kiswahili, si Kiingereza peke yake.