Taa ya Upepo Ikiwaka, Usikimbilie Kitufe

Asubuhi tuliyoondoka Ngara kwenda Biharamulo kulikuwa na ile baridi ya milimani ambayo wenyeji wa huko wanaijua vizuri. Tulikuwa akina mama wanne na mtoto mchanga mmoja, vikapu vya ndizi vikiwa nyuma, ndani ya gari dogo la mtumba lililotoka Uingereza. Dereva alikuwa kijana wa mwenzetu mmoja. Alipowasha gari, taa moja ya njano haikuzimika. Ina umbo la chungu kilichokatwa mdomo, na katikati yake kuna alama ya mshangao.

"Hiyo ni ya upepo wa matairi, mama. Inazimwa tu," alisema. Akapeleka mkono chini ya usukani, akabonyeza kitufe, taa ikapepesa mara tatu na kuzimika. Tulimsifu sana. Tukaondoka.

Tuliteremka hadi Benaco, mahali ambapo mwaka 1994 palifurika wakimbizi kutoka Rwanda; siku zile za mwisho wa Aprili watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Leo ni njia panda ya chai na maandazi, na malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Tulikunywa chai. Hakuna aliyeangalia matairi.

Tulipokwisha kupita Nyakahura, gari lilianza kuvuta upande wa kushoto. Kisha tukasikia harufu ya mpira unaoungua. Kijana alipunguza mwendo taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu (kwa hilo tunamshukuru mpaka leo), akaegesha pembeni. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limekaa chini na ubavu wake umechanika. Nyuma yetu lilipita lori kubwa, gari letu likatikisika. Mwenzetu mwenye mtoto hakusema neno; alimkumbatia tu.

Tulifunga tairi la akiba, tukajikokota mpaka Lusahunga kwa fundi pancha. "Shikamooni, mama zangu," alitupokea. Akachukua kipimo chake, akapima yale matatu yaliyobaki. Moja lilisoma 26, la pili 24, la tatu 25. Kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataka 33. Tulipomweleza habari ya kitufe alicheka, akasema, "Basi mlilifundisha gari uongo."

Alikuwa na haki ya kucheka. Kile kitufe hakijazi upepo. Kazi yake ni kuliambia gari: upepo uliomo sasa ndio sahihi, ukumbuke. Ukikibonyeza matairi yakiwa yamelegea, gari litaona ulegevu ndio afya. Zaidi ya hayo, magari mengi ya aina hii hayana kipimo ndani ya tairi. Yanahesabu mizunguko ya magurudumu, kwa kuwa tairi lililopungukiwa upepo hupungua kimo na kuzunguka haraka kuliko wenzake. Baada ya kubonyeza, gari huhitaji kwenda kwa muda, pengine hata saa nzima, likijifunza upya. Katika muda huo halioni vizuri. Msumari wetu ulifanya kazi yake wakati huo huo.

Mengine yana sensa ndogo yenye betri ndani ya kila gurudumu. Betri hiyo hudumu miaka mitano hadi kumi. Ikifa, taa hupepesa kwa dakika moja hivi kila unapowasha gari, kisha hubaki imewaka. Hapo hakuna kitufe kitakachosaidia. Ni kubadili sensa. Lakini usidhani kila gari linayo taa hii. Mengi yanayotoka Japani hayana. Marekani ndiyo iliyolazimisha kila gari dogo jipya liwe nayo, kuanzia mwaka 2007, baada ya watu zaidi ya 200 kufa katika ajali za magari ya Ford Explorer yenye matairi ya Firestone yaliyokuwa yakibanduka. Nchi za Ulaya zilifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya huko huuzwa likiwa nayo.

Je, tungefanyaje pale Ngara? Kwanza kupima yote manne kabla gari halijatembea. Tairi lililotoka safarini huwa na joto na husoma zaidi, mara nyingi kwa 3 au 4, nawe ukilipunguza hapo, kesho litakuwa limelegea. Baridi nayo hupunguza: joto likishuka nyuzi 10, unapoteza karibu 2. Ndiyo maana taa hupenda kuwaka alfajiri, nasi tukaona ni ubishi wa gari. Kisha kujaza mpaka namba ya kibandiko; si ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwani hiyo ni kikomo cha tairi lenyewe. Mwisho kabisa, gari likiwa limesimama na swichi imewashwa, ndipo kitufe kibonyezwe mpaka taa ipepese. Baadhi ya magari huweka kitufe ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria, na mengine kwenye skrini, kwa hiyo kitabu cha gari kisitupwe.

Tulifika Biharamulo alasiri, mkutano ukiwa umekwisha kufunguliwa. Kipimo tulikinunua siku ile ile, na sasa kinakaa kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Kijana wetu hupima kila Jumamosi asubuhi. Wiki iliyopita tairi la mbele kulia lilisoma 27. Lilikuwa na msumari, na taa ilikuwa bado haijawaka.