Kisanduku cha kuongeza sampuli: je, kinaboresha kigeuzi cha sauti cha bei kubwa?

Barabara ya RN3 ikitoka Bujumbura hupita Muhuta, ziwa likiwa upande mmoja na milima upande wa pili, kisha huingia Rumonge na kuendelea hadi Nyanza-Lac. Wafanyabiashara wa njia hii wamezoea bidhaa zinazopimika: mawese kwa kidumu, ndagala kwa kilo, sementi kwa mfuko. Vyombo vya muziki ni biashara ya namna nyingine. Mnunuzi hapimi kwa mizani, anapima kwa sikio, na sikio hudanganyika.

Tuchukulie mteja mwenye studio. Tayari anacho kigeuzi cha sauti cha bei kubwa, yaani kile chombo kinachopokea namba kutoka kwenye CD au kompyuta na kuzigeuza kuwa umeme wa kupeleka kwenye amplifaya. Sasa anataka umletee kisanduku cha pili cha kuwekwa mbele ya kigeuzi, ambacho wauzaji hukiita apuskela. Kimoja kinachojulikana sana, Hugo M Scaler cha kampuni ya Chord Electronics ya Uingereza, kilipotoka mwaka 2018 kiliuzwa kwa zaidi ya pauni 3,000. Je, ni biashara ya kuwekea mtaji?

Kinafanya nini?

CD hubeba sampuli 44,100 kwa kila sekunde, kila moja ikiwa na biti 16. Kwa kanuni ya hesabu, sampuli hizo zinatosha kubeba sauti zote zilizo chini ya hezi 22,050. Sikio la binadamu mwenye afya nzuri hufika kama hezi 20,000, na hupungua kadiri umri unavyoongezeka.

Lakini kati ya sampuli moja na nyingine kuna nafasi, na kigeuzi lazima kikadirie wimbi la sauti linapita wapi. Kazi hiyo hufanywa na kichujio cha hesabu. Kisanduku cha kuongeza sampuli huifanya kazi hiyo mapema: hupokea sampuli 44,100 na kutoa hadi 705,600 kwa sekunde, yaani mara 16. Kichujio cha M Scaler kina vituo vya hesabu 1,015,808. Kile kilichomo ndani ya kigeuzi cha DAVE cha kampuni hiyo hiyo kina 164,000.

Hapa ndipo wengi hukosea. Sampuli zinazoongezwa hazileti habari mpya. Ni makadirio yaliyotokana na zile za zamani. Ala ambayo haikunaswa siku ya kurekodi haitatokea. Ni sawa na kumimina mawese ya kidumu kimoja katika chupa nyingi ndogo: chupa zimeongezeka, mafuta ni yale yale.

Tena kazi hii si ngeni. Philips walikuwa wakizidisha sampuli mara 4 ndani ya mashine zao za kwanza za CD tangu miaka ya mwanzo ya 1980, na karibu vigeuzi vyote vya leo hufanya hivyo vyenyewe. Kwa hiyo mteja haongezi kazi ambayo haikuwepo, ananunua njia nyingine ya kuifanya.

Majaribio yanasema nini?

Watetezi wa visanduku hivi husema kichujio kirefu huweka kila mdundo mahali pake kwa usahihi zaidi. Kwa hesabu, ni kweli kwamba kichujio kirefu hukaribia zaidi wimbi la asili. Swali ni kama sikio linaitambua tofauti hiyo.

Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio la kulinganisha rekodi za kiwango cha juu na rekodi hizo hizo zikipitishwa katika kiwango cha CD. Katika majaribio 554, wasikilizaji walipatia 276, sawa na kurusha shilingi. Mwaka 2016 Joshua Reiss alikusanya matokeo ya tafiti 18 na kupata asilimia 52.3 ya majibu sahihi, tofauti ndogo iliyoonekana zaidi kwa waliopewa mafunzo. Tena rekodi hizo zilikuwa na habari ya ziada kweli, wakati kisanduku hakiongezi hata hiyo.

Kinaposaidia na kisiposaidia

Kinaweza kusaidia pale kigeuzi chenyewe hakina kichujio, au kina kichujio hafifu. Vigeuzi vya namna hiyo vipo, na vingine hutengenezwa hivyo kwa makusudi. Kigeuzi kizuri cha kisasa hakina upungufu huo.

Hakisaidii nyimbo za MP3 za kilobiti 128 zinazohamishwa kutoka simu hadi simu, kwa sababu kilichokatwa wakati wa kubana faili hakirudi. Hakifai jukwaani pia: hesabu ndefu huchelewesha sauti, na ndiyo maana M Scaler imewekewa hali maalumu kwa wanaotazama video.

Kabla ya kupokea oda

Kwanza, mwambie mteja ajaribu kwa kompyuta. Programu ya SoX, ambayo ni ya bure, huongeza sampuli. Mtu mwingine abadilishe bila yeye kuona, sauti zikiwa na nguvu sawa, kwa sababu yenye nguvu kidogo zaidi huonekana nzuri zaidi. Arudie mara 10. Akipatia 5 au 6, anabahatisha. Akipatia 9, mna la kuzungumza.

Pili, angalia kigeuzi chake kinapokea kiwango gani. M Scaler hufikisha kiwango chake cha juu kwa kebo mbili za BNC kwenye vigeuzi vya Chord vinavyozipokea. Kwingine sehemu ya bei hupotea bure.

Tatu, plagi. Mashine zinazotoka Dubai au Dar es Salaam mara nyingi huwa na plagi ya meno matatu bapa, na soketi za Burundi ni za meno ya mviringo.

Nne, forodha. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye kikomo cha dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Mashine ya Uingereza au China haiingii humo, hata kama umeinunulia Kigoma.

Kwa mteja wa kawaida wa mwambao huu, fedha hiyo hiyo italeta tofauti ya kusikika mara moja ikinunua spika bora, stabilaiza ya umeme na mapazia mazito ya studio. Bidhaa hizo zina wanunuzi wengi. Kisanduku cha dola elfu kadhaa kina mnunuzi mmoja, na akibadili mawazo mzigo ukiwa njiani, mtaji wako umelala. Chukua malipo ya awali, au iache oda hiyo.