Chupa isiyo na jina

Ndugu msikilizaji, hivi karibuni nilisimama katika soko la Katoro, mkoani Geita, mbele ya meza ya mama mmoja anayeuza mafuta ya kujipaka. Katikati ya makopo yenye nembo palikuwa na vichupa vya plastiki visivyo na jina, vimejaa kitu kizito cha rangi ya maziwa. Nikamwuliza, "Mama, haya ni mafuta ya nini?" Akajibu bila kusita, "Ya mimea tu, kaka. Ya asili kabisa, hayaumizi hata uso laini. Mpelekee shemeji. Majuma mawili tu, uso utakuwa umetakata."

Sikununua. Lakini jibu lile lilinifuata njia nzima hadi Shinyanga, kwa sababu ndani yake kweli na uongo vilikuwa vimechanganywa kama mafuta yenyewe. Ni kweli kwamba mafuta ya mimea yanaweza kuifaa ngozi ya uso inayodhurika upesi. Ni uongo kwamba kuna mafuta ya mmea yanayomfanya mtu mweusi awe mweupe kwa majuma mawili. Leo tuvitenganishe.

Tuanze na ngozi yenyewe. Tabaka la juu la ngozi limejengwa mfano wa ukuta wa matofali. Chembe za ngozi ndizo matofali, na mafuta ya mwili ndiyo udongo unaoyashikanisha. Ukuta ukiwa mzima, maji hubaki ndani, na vumbi na vijidudu hubaki nje. Sasa fikiria kiangazi chetu, tangu Juni hadi Oktoba. Kuna upepo mkavu, vumbi la barabara na la mashimo ya dhahabu, na jua la kuchoma. Halafu mtu anarudi jioni, anausugua uso kwa sabuni ya kufulia. Udongo wa ukuta unatoka, maji yanatoroka, ngozi inakakamaa, inawasha na kupasuka.

Hapo ndipo mafuta yanapokuwa na kazi, nayo ni moja tu, yaani kuziba. Mafuta hayaongezi maji katika ngozi. Huyazuia yaliyopo yasitoroke. Kwa hiyo nawa kwa maji safi na sabuni ya kuogea isiyo kali, futa uso kwa kuugusagusa, kisha paka ukiwa bado na unyevu. Matone mawili au matatu yanatosha. Anayepaka mafuta juu ya uso mkavu wenye vumbi anafungia vumbi ndani.

Mafuta gani? Si yote yaliyo sawa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Watu wazima walipaka mafuta ya zeituni mkono mmoja na ya alizeti mkono wa pili kwa majuma manne. Yale ya zeituni, ambayo ni ghali na yenye sifa, yalidhoofisha ukuta wa ngozi na kuleta wekundu kidogo. Ya alizeti yaliuacha ukuta ukiwa mzima na kuongeza unyevu. Kabla ya hapo, mwaka 2005, ilichapishwa taarifa ya hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati walisingwa kwa mafuta ya alizeti, na maambukizo miongoni mwao yakapungua kwa asilimia 41 kuliko kwa wale wasiosingwa. Na alizeti, ndugu msikilizaji, hailetwi kwetu kwa meli.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mikono na miguu, ila usoni huweza kuziba vinyweleo na kuleta chunusi. Ya nyonyo ni mazito mno kupakwa peke yake. Ya pamba, zao letu wenyewe, yasitumiwe yakiwa ghafi, kwa kuwa mbegu ya pamba ina sumu inayoondolewa kiwandani. Mafuta yaliyokwisha kaangia samaki, au yenye harufu ya kuchacha, yaache. Wala usikamulie limau ndani yake. Maji ya limau yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi. Na kama uso unatoa magamba ya njano pembeni mwa pua na kwenye nyusi, huenda ni ugonjwa unaostawi kwa mafuta. Huyo anahitaji mganga wa zahanati.

Sasa turudi kwenye kichupa cha Katoro. Mchanganyiko wa namna ile tunaujua sote kwa jina la mkorogo. Kinachobadili rangi katika mikorogo mingi ni zebaki au dawa iitwayo haidrokwinoni, na jina la mmea huwa ni kanga ya kufunikia tu. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, rangi ambayo ndiyo mwavuli wetu dhidi ya jua. Kisha hupenya hadi kwenye damu, huharibu mafigo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa muda mrefu, huweza kuuacha uso na mabaka meusi yasiyotoka.

Sisi wa ukanda huu zebaki tunaijua. Ndiyo inayokamatisha dhahabu kule Rwamagasa na Nyarugusu. Lakini sikiliza jambo hili. Profesa Masazumi Harada wa Japani na wenzake walipima zebaki katika nywele za wachimbaji, za familia za wavuvi na za wakazi wa jiji la Mwanza, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Miongoni mwa waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi wamo ambao hawakuwahi kuchoma dhahabu. Walikuwa wanaoga kwa sabuni ya kung'arisha ngozi. Sumu tunayomwonya mchimbaji asiivute shimoni, mkewe nyumbani anajipaka usoni akiwa amembeba mtoto.

Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Usimamizi wa vipodozi ulikuwa mikononi mwa TFDA hadi mwaka 2019, ulipohamishiwa TBS. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila meza ya kila gulio. Mkaguzi wa kwanza ni wewe mnunuzi.

Kuna ndugu zetu ambao kosa hapa linawagharimu maisha. Ni watu wenye ualbino. Hapa Shinyanga, kituo cha Buhangija kimewalea watoto wengi waliokimbizwa humo kwa kuhofia wauaji. Lakini hata akisalimika na panga, mtoto huyo bado ana adui wa kila siku, nalo ni jua linaloleta saratani ya ngozi. Mafuta ya mimea, yawe ya alizeti au ya nazi, hayazuii jua kwa kiasi cha kumlinda. Yeye anahitaji kofia pana, mikono mirefu, kivuli, na losheni ya kuzuia jua, kama ile iitwayo Kilisun iliyobuniwa kwa ajili yao katika hospitali ya KCMC, Moshi. Mzazi anayempaka mafuta asubuhi akidhani amemkinga amemtoa nje bila ngao.

Kwa wengine wote, kanuni ni fupi. Nunua mafuta ya aina moja, yasiyochanganywa na manukato, kwa mtu anayeweza kukuonyesha yalikokamuliwa. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, ungoje siku mbili. Pasipowasha wala kuvimba, ndipo uyapeleke usoni. Na mafuta yakianza kukufanya mweupe, jua kwamba hayo si mafuta. Acha kuyatumia, ukamwone daktari, na kichupa uende nacho.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Neno hilo halijachuja. Lakini siku hizi lazima tuongeze swali moja kabla ya kutoa fedha: asili ya nini, na imetoka wapi? Mama wa Katoro nilimwuliza hivyo hivyo. Akakitazama kichupa, akanitazama, akasema, "Kwa kweli, kaka, na mimi naletewa tu."

Hadi juma lijalo, kwaherini.