Aliyekuwa Ndani ya Gunia

Mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ina majina ambayo wakazi wake humtajia makanga wa matatu asubuhi na jioni, na aghalabu hawakumbuki kwamba mengi katika hayo ni majina ya marehemu na ya vita. Kariokor ni kumbukumbu ya wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa, wengi wao kwa nguvu, kubeba mizigo ya majeshi ya Mwingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Soko la Burma limepewa jina la nchi ya mbali ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani katika vita vikuu vya pili. Mbotela ni Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha siasa cha KAU (Kenya African Union), aliyeuawa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba. Na Ofafa, jina linalotangulia Maringo na Jericho, ni diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa kwa risasi mwaka uliofuata. Damu ya hao wawili ilihesabiwa juu ya Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopinga utawala wa Mwingereza, na utawala wa kikoloni ukawaenzi kwa kuwapa mitaa. Ilhali Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, hakupata barabara yake katikati ya jiji ila baada ya bendera kubadilika.

Jina la mtaa hututajia aliyekufa, likaishia hapo. Halisemi jirani yake alilalaje usiku ule, wala nani alijua akanyamaza, wala nani alimlilia kwa siri kwa kuwa kulia hadharani kulikuwa na hatari. Kitabu cha tarikhi cha shuleni nacho hutupa tarehe, idadi na majina ya viongozi, na hayo ni mambo ya lazima. Lakini kazi ya kuingia katika nyoyo za watu walioishi baina ya hofu mbili, hofu ya serikali na hofu ya msitu, imeachiwa riwaya ya tarikhi, yaani kisa kirefu kinachochukua zama za kweli na matukio ya kweli, kisha kikaweka ndani yake watu wa kubuni, ili tuyaone mambo makubwa ya dola yakipita jikoni, shambani na vyumbani mwa watu wasio na cheo.

Msomaji wa Eastlands ana bahati ambayo wasomaji wengi hawana, maana ardhi anayoikanyaga ni uwanja wa visa hivyo. Mathalani Kaloleni, mtaa wa nyumba za mawe zilizojengwa katika miaka ya 1940 kuuzunguka ukumbi wa jamii. Katika ukumbi huo, tarehe 23 Aprili 1950, kwenye mkutano uliowakutanisha Waafrika na Wahindi, Makhan Singh, mtetezi wa wafanyakazi, alitoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Haukupita mwezi akakamatwa, wala hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Miaka minne na siku moja baada ya hotuba ile, tarehe 24 Aprili 1954, serikali ilianza Operesheni Anvil: askari na polisi wapatao 25,000 walilizingira jiji, wakapita mtaa kwa mtaa na mlango kwa mlango, wakawatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru na watu wengine, na zaidi ya 20,000 wakatiwa kizuizini. Katika michujo ya zama zile watu walipangwa foleni, na mbele yao akaketishwa mtu aliyevikwa gunia kutoka utosini, lenye matundu mawili ya macho tu. Akitikisa kichwa hivi, aliyesimama mbele yake hupelekwa kambini, na akitikisa vile, huachiliwa aende zake. Watu walimwita gakunia. Huenda alikuwa mpangaji wa chumba cha pili. Huenda alikuwa ndugu.

Tarikhi yatuonyesha gunia hilo kwa nje. Aliyethubutu kutuingiza ndani yake ni Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya yake A Grain of Wheat ya mwaka 1967. Humo yumo Karanja, kijana wa kijiji cha Thabai, ambaye kazi yake ya kwanza kwa serikali ilikuwa ni kuvaa gunia na kuwachongea watu wa kijiji chake. Mwandishi hamwiti shetani, wala hamtakasi. Atuonyesha kijana aliyempenda msichana, akashindwa na seremala mwenzake wa rika, akachagua kubaki karibu na nyumbani kwa gharama yoyote wakati wengine walipokwenda msituni na kambini. Na atuonyesha jinsi mtu aliyekwisha kutazama watu kupitia matundu mawili asivyoweza tena kuwatazama kwa macho ya kawaida. Uhuru unapokaribia, wanakijiji wanapanga kumfedhehesha hadharani kwa usaliti mmoja mkubwa, na Mugo, mtu mkimya wanayemwona kuwa shujaa, anaombwa kutoa hotuba ya siku hiyo. Yatakayofuata msomaji na ajisomee. Itoshe kusema kwamba akifika mwisho atakuwa amepoteza ile raha ya kuwagawa watu wa zamani mafungu mawili, wasafi huku na wachafu kule.

Kisa hicho kwa dhahiri huchukua siku chache tu kabla ya tarehe 12 Desemba 1963, lakini masimulizi hurudi nyuma na kuja mbele, mtu akikumbuka ndani ya kumbukumbu ya mwenziwe, na wengi hukata tamaa wakidhani wamepotea. Dawa ni kuwa na karatasi ya majina pembeni, na subira. Kwani mvurugo huo wa wakati una sababu, nayo ni kwamba watu wenye siri hawasimulii maisha yao kwa mfuatano. Anayetaka njia nyepesi aanze na Weep Not, Child ya mwaka 1964, iliyopata kufasiriwa kwa jina la Usilie Mpenzi Wangu. Humo atamkuta Boro, aliyempigania Mwingereza katika vita vikuu akampoteza nduguye huko, kisha akarejea akakuta hana ardhi wala kazi; na mkazi wa Shauri Moyo atakayesoma habari za Boro kisha akaenda kununua nyama Burma, jina la soko halitakuwa tena sauti tupu masikioni mwake.

Wala haifai kudhani kwamba visa hivi vimeandikwa kwa Kiingereza peke yake. Mwaka 1934 James Mbotela wa Freretown, Mombasa, katika jamii ya watumwa waliokombolewa ambayo ndiyo asili ya Tom Mbotela pia, alitoa Uhuru wa Watumwa, kitabu kinachomsifu Mwingereza kwa kuwa ndiye mkombozi. Na miaka thelathini haikutimia kabla ya Wakenya kudai kukombolewa na mkombozi huyo. Mwaka 1969 Peter Kareithi alichapisha Kaburi Bila Msalaba, hadithi ya vita vya Mau Mau kwa Kiswahili. Na kutoka Unguja tuna Shafi Adam Shafi, ambaye katika Kuli ya mwaka 1979 aliwasimulia wachukuzi wa bandarini na mgomo wao wa mwaka 1948, na katika Vuta N'kuvute ya mwaka 1999 akamleta Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee asiyemtaka, ambaye safari yake ya kujikomboa inakutana na Denge, kijana anayepambana na serikali ya kikoloni. Kuzisoma riwaya za bara na za visiwani kwa pamoja kuna faida kubwa, kwani mapambano ya msituni na mapambano ya gatini yalikuwa na adui mmoja, lakini hayakuwa na sura moja.

Vitabu hivi havipatikani kwa shida. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kuwafungia mlango wasio Wazungu hadi 1958, leo ina matawi Kaloleni na Makadara. Na wauza vitabu wa kando ya barabara, wale ambao mteja sharti ainame achague, huwa na nakala kuukuu zenye majina ya wanafunzi watatu au wanne, kila mmoja akiwa amekata la mwenziwe.

Hadhari moja yafaa itajwe. Riwaya si shahidi wa mahakamani. Thabai haimo katika ramani, na Karanja hakuzaliwa na mama. Fauka ya hayo, riwaya nyingi za Mau Mau zimekaa vijijini na msituni, na Eastlands hupita ndani yake kwa haraka, ilhali baada ya Anvil vyumba na kazi za waliochukuliwa vilikwenda kwa wengine, Waluo, Waluhya na Wakamba, ambao nao walikuwa maskini na walihitaji mahali pa kulala. Je, aliyeingia katika chumba kile alikuta nini mezani, na alimwambia nini mwenye chumba alipotoka katika kambi ya kizuizini ya Manyani? Swali hilo halina gunia wala bunduki, na kwa sababu hiyo ni gumu kuliko yote. Babu na bibi wanaoweza kulijibu wangali wamo katika nyumba za mitaa hii, japo ni akali na wanapungua. Na kijana aliyekwisha kukaa na Karanja kurasa mia mbili bila ya kumhukumu upesi, huyo ndiye atakayejua namna ya kuwauliza kwa staha, na pengine ndiye atakayeiandika riwaya ambayo Eastlands ingali inaidai.