Waliobeba Pale Reli Ilipoishia

Wajukuu wangu wa Kiambere, reli haipiti kwetu. Tuna Mto Tana, tuna bwawa lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1988, tuna mlima wetu na punda wa kuchotea maji, lakini garimoshi mmelisoma tu vitabuni. Basi likizo ikifika na tukashuka Voi, nataka kila mmoja ajue anapita wapi. Tutatembea sote, wakubwa kwa wadogo, kandokando ya reli ya zamani iendayo Taveta, mpakani na Tanzania. Treni za abiria ziliacha kupita huko zamani. Chuma kimeshika kutu na nyasi zimefunika kokoto.

Mtu asidhani ni rahisi kutembea juu ya reli. Mataruma, yaani zile nguzo zilizolazwa chini ya reli, hayakupangwa kwa hatua ya binadamu. Ukikanyaga kila moja unatembea kama mtoto anayejifunza. Ukiruka moja, nyonga zinalalamika. Tutapita kando, na vijiti mkononi, kwa sababu kifutu hupenda kujilaza penye mawe yenye joto na hana haraka ya kukupisha. Tena chukueni futi kamba. Pimeni kutoka reli hii hadi ile: mita 1 kamili. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyomalizika mwaka 1901, ilijengwa kwa kipimo hicho hicho, ndiyo maana behewa lililotoka bandarini liliweza kukunja kona Voi na kuelekea Taveta bila kupakuliwa.

Na kwa nini likunje kona kuelekea nyika kavu namna hiyo? Vita, wajukuu wangu. Mwezi wa Agosti 1914 Waingereza waliotawala Kenya na Wajerumani waliotawala Tanganyika walianza kupigana, na Wajerumani wakaiteka Taveta mwezi huo huo. Wajerumani walikuwa na reli yao kutoka Tanga hadi Moshi. Waingereza walikuwa na vumbi tu kutoka Voi. Mwaka 1915 vikosi vya mafundi wa reli kutoka India vikaanza kutandika chuma: Mwatate, Bura, hadi Maktau. Maji yalikuwa taabu kubwa kuliko adui. Ukishaiacha Bura hupati mto wa kutegemea mpaka ufike Lumi, karibu na Taveta, kwa hiyo bomba la maji nalo likalazwa kuifuata reli.

Usiku Wajerumani na askari wao walinyemelea porini, kikundi kidogo kidogo, wakafukia baruti chini ya reli. Waingereza wakajibu kwa kusukuma mabehewa ya mchanga mbele ya injini, yalipuke hayo kwanza. Wajerumani nao wakatengeneza mtego unaohesabu: unaacha magurudumu ya mbele yapite, kisha unalipuka injini ikiwa juu yake. Tukifika Maktau nitawaonyesha makaburi ya askari wa Kihindi. Kutoka hapo reli inaingia Tsavo Magharibi, nyumbani kwa ndovu na simba, na hatutapiga hatua hata moja bila askari wa wanyamapori. Hilo halina mjadala.

Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza, waliushambulia mlima Salaita, wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata Waingereza wakaiteka tena Taveta, na reli ikasogezwa mbele mpaka ikaungana na ile ya Moshi.

Hadithi nyingi za vita hii huishia kwa majenerali. Yangu mimi inaanzia mahali reli ilipoishia. Jeshi lilisonga kusini kwenye misitu na matope ambako hapakuwa na chuma, mbung'o wakawaua farasi na ng'ombe, na mzigo wote ukahamia vichwani mwa watu. Hebu tupige hesabu. Mtu amebeba kilo 25 za unga, naye anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na 10 kurudi, amekula kilo 20 za mzigo wake. Askari aliye mbele anapata kilo 5. Sasa fikirieni ni watu wangapi wanahitajika kulisha jeshi zima, kisha risasi, dawa na hema juu yake.

Ndiyo sababu mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilisomba vijana kwa nguvu wilaya baada ya wilaya, Embu na Meru zikiwemo, wakaingizwa kwenye kikosi cha wapagazi kilichoitwa Kariakoo. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na nimonia, kwa kula unga usioiva vizuri na kulala mvuani. Taveta mtaona mawe ya makaburi yenye majina ya askari wa Afrika Kusini. Majina ya wapagazi wetu msiyatafute hapo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwamba Waafrika na Waasia wengi waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kama Wazungu walivyokumbukwa. Mimi naona ilichelewa mno, ila afadhali imesemwa.

Sasa kazi yenu kabla hatujafunga mizigo. Kila mmoja aende kwa mtu mzee kuliko wote katika ukoo wake, amsalimie vizuri, akae chini, aulize kama kuna babu wa babu aliyechukuliwa Kariakoo. Mkipata jina, liandikeni kwenye daftari pamoja na mbari yake na kijiji alichotoka. Jumamosi mniletee tuyasome, na tukishayajua tutapanga nani atayachukua hadi Taveta.