Bei ya nepi moja haitoshi kuamua zabuni

Nchini Sweden, mtu mzima anayeshindwa kuzuia mkojo hukutana kwanza na muuguzi, ambaye hupima mahitaji yake na kumwandikia aina ya nepi inayomfaa. Mnunuzi ni manispaa au mkoa, kwa hiyo vigezo vya zabuni ndivyo vinavyoamua kitakachomfikia mgonjwa kitandani. Kishawishi cha ofisi yoyote ya ununuzi ni kulinganisha bei ya nepi moja moja, kisha kumpa kazi aliyetaja ya chini kabisa. Naamini kipimo hicho kinapotosha. Kinachostahili kupimwa ni gharama ya kumhudumia mtu mmoja kwa siku nzima, pamoja na hali ya ngozi yake na usingizi wake.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Nepi ya senti 25 za yuro inayobadilishwa mara tano kwa siku hugharimu yuro 1.25, ya senti 40 inayobadilishwa mara tatu hugharimu yuro 1.20. Hapo shuka bado hazijahesabiwa. Nepi ikivuja saa nane usiku, mhudumu humwamsha mzee, humgeuza, humwosha, hutandika upya, na nguo zote huenda kufuliwa. Ngozi ikishinda na unyevu huchubuka, na kwa asiyeweza kujigeuza hatari ya vidonda vya kulalia huongezeka. Gharama hizo mara nyingi hulipwa na fungu jingine la bajeti, ndiyo maana ofisi ya ununuzi huweza kuripoti akiba ambayo wodi haijaiona.

Sheria si kizuizi. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2014/24, katika kifungu cha 67, linaruhusu mshindi apatikane kwa uwiano bora wa bei na ubora, na hata kwa gharama za bidhaa katika maisha yake yote. Ugumu uko kwenye ushahidi. Uwezo wa kunyonya hupimwa kwa njia ya Rothwell, iliyomo katika kiwango cha ISO 11948-1: nepi huzamishwa katika kimiminika, huachwa ichuruzike, kisha hupimwa uzito. Namba hiyo ni sahihi kwa kazi yake, ila haituambii nepi itafanyaje ikibanwa mapajani na kulaliwa ubavu usiku kucha.

Wapo wanaosema bei haina upendeleo, ilhali ubora hufungua mlango wa hongo na kesi. Hofu hiyo ina msingi. Basi alama zitangazwe mapema, bidhaa zijaribiwe wodini, na mivujo ihesabiwe badala ya kuuliza nani anapenda chapa gani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba watengenezaji wakubwa ndio wenye fedha za tafiti, na takwimu zao zitawapendelea wenyewe. Kwa hiyo mnunuzi akusanye zake. Tena mkataba unaolipa kwa kila nepi humnufaisha muuzaji kadiri nyingi zinavyotumika. Heri kulipa kwa mtumiaji kwa siku, pamoja na kikomo cha mivujo na michubuko ili muuzaji asibane matumizi kwa kumwacha mgonjwa amelowa. Na pale mtu anapofundishwa mazoezi ya misuli ya nyonga, au kusaidiwa kwenda chooni kwa wakati hadi asihitaji nepi tena, mkataba uwe na malipo kwa hilo pia.