Sungura Huyu Ni wa Mbegu Gani?

Mji wa Isiolo wajulikana kwa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na hata mtoto mdogo huko aweza kumtambua mnyama wa baba yake katikati ya kundi kubwa. Lakini akiletwa sungura wa kufugwa, mweupe, mwenye pua ya kijivu, huenda hata mzee akashindwa kusema ni wa mbegu gani. Kujua mbegu si anasa, maana ndiko kunakomwonyesha mfugaji ukubwa wa kizimba, dume afaaye kumpanda jike, na bei iliyo ya haki.

Kwanza yataka kuhakikisha kwamba mnyama huyo si wa porini. Wote wawili huitwa sungura, bali ni wanyama mbalimbali, wala hawawezi kuzaana. Yule wa porini ana mwili mwembamba, miguu mirefu ya nyuma, na masikio marefu ambayo aghalabu yana ncha nyeusi. Mtoto wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Mtoto wa sungura wa kufugwa huzaliwa uchi, na macho yake hufumbuka baada ya siku kumi hivi. Ukimkuta mtoto wa porini majanini, mwache palepale, kwa kuwa mama yake hurudi kumnyonyesha. Tena sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 yakataza kumfuga bila ruhusa.

Akiwa ni wa kufugwa, mngoje akomae, kisha mpime uzito na kutazama masikio, manyoya na rangi yake. Flemish Giant, ambaye asili yake ni Ubelgiji, hupita kilo 6. Dutch ni mdogo, kilo 2 hadi 2.5, naye ana mshipi mweupe mabegani na mstari mweupe usoni. French Lop ni mzito, na masikio yake huning'inia. Angora ana manyoya marefu kama sufu. Chinchilla ni wa kijivu, na ukiyapuliza manyoya yake utaona rangi zikifuatana kwa duara. New Zealand White ni mweupe mwili mzima, macho mekundu. Naye, ijapokuwa jina lake ni hilo, alikuzwa Marekani.

Sasa turudi kwa yule mwenye pua ya kijivu. Yamkini ni California, ambaye ni mweupe mwenye macho mekundu, na pua, masikio, miguu na mkia wake ni mweusi. Weusi huo hutokea mahali ambapo ngozi ina baridi kuliko sehemu nyingine za mwili. Ndiyo sababu watoto wake huzaliwa weupe, na katika nchi ya joto kama Isiolo weusi huo huweza kufifia. Basi mnunuzi asimkatae kwa sababu hiyo tu, wala asimkubali kwa sababu hiyo tu, maana chotara naye aweza kuwa na rangi hiyo. Ushahidi bora ni kuwaona wazazi wake na kusoma daftari la uzazi la mfugaji.

Kosa katika jambo hili laweza kuleta mauti. Jike mdogo akipandwa na dume wa mbegu kubwa, watoto huweza kuwa wakubwa kupita kiasi, na baada ya siku 31 hivi, wakati wa kuzaa ufikapo, mama akafa pamoja nao. Kwa hiyo, mbegu isipojulikana, mizani itumike, na dume asimzidi jike sana kwa uzito.

Mwisho, sungura hatoki jasho kama mtu. Hupunguza joto kwa masikio yake. Flemish Giant na Angora hutaabika zaidi kwa joto. Kila kizimba kiwe kivulini, kipitishe upepo, na maji yasikosekane mchana wala usiku.

Mwenye shaka amwendee afisa wa mifugo kabla ya kutoa fedha yake. Mtu wa Isiolo hakubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Basi asikubali kuuziwa sungura namna hiyo.